Nondo Juu ya Ghorofa ya Nne

Kabla hujauliza, nakujibu: ndiyo, mimi ndiye mama mkwe. Na sifa zetu nazijua. Mama mkwe akinyamaza ana kisirani, akisema ana mdomo, akisifu mboga kuna kitu anakitaka. Haya. Mimi nimekaa na mke wa mwanangu nyumba moja miaka kumi na mitatu na hatujawahi kugombania hata ufagio. Majirani walisubiri wakachoka. Kuna mmoja alikuwa anakuja kuazima pasi ya umeme kila Jumamosi, na kwake umeme ulikuwa umekatwa. Alikuja kusikiliza kama tumeshaanza.

Huyu mkamwana wangu ndiye ninayetaka kukusimulia habari zake, maana yeye mwenyewe siku hizi hasimulii kitu. Kwa nini mimi na si mumewe, utajua tukifika.

Kazini walimwita Kapteni. Jina alilipata kwenye mgahawa wa juu ya paa, ule wa jengo la ghorofa tano karibu na bandari, alikofanya kazi miaka tisa. Aliingia pale kama mfagiaji. Jengo lilikuwa la zamani, lifti yake ikifanya kazi Jumatatu basi Jumanne inapumzika. Juu kwenye paa kulikuwa na matangi mawili ya maji, madishi ya televisheni yaliyokwisha kufa, na kinyesi cha njiwa cha kutosha kurutubisha shamba zima. Mwenye jengo, ambaye nyumbani tulimwita Bwana Miwani kwa sababu alikuwa na miwani machoni na nyingine imepanda kichwani, jengo alilirithi kwa baba yake na wazo alilipata kwa mtu mwingine: weka meza juu, watu waje kuangalia bahari.

Na walikuja. Chakula chenyewe, nakwambia kweli kwa sababu nimekionja, hakikuwa na lolote. Samaki mkavu, viazi vimelala. Watu hawakupandia chakula. Walipandia bahari, na aliyejua kuiuza bahari ni mkamwana wangu.

Mwanzoni Bwana Miwani alipanga meza kama darasa la shule, mistari minne, kila mtu anaona kisogo cha mwenzake. Huyu mfagiaji wake akaweka fagio ukutani, akamwambia, "Bosi, wanaopendana usiwaweke wanatazamana. Waweke bega kwa bega waangalie maji. Wanaokuja kwa biashara waipe mgongo bahari, hao hawana habari nayo. Na ile pembe ya mwisho weka meza moja tu, hata kama zinaingia tatu." Bwana Miwani akacheka. Akajaribu. Baada ya miezi miwili watu walikuwa wanapiga simu siku tano kabla kuomba meza namba kumi na moja, ile ya pembeni, na mfagiaji akapewa aproni na kalamu.

Alijua jua linaingia machoni mwa meza ipi, saa ngapi, mwezi gani, akahamisha miavuli kabla mgeni hajakunja uso. Alijua upepo. Upepo wa juu kule hauna adabu, unabeba kitambaa cha meza na sahani zake. Basi akashona vifuko vidogo vya mchanga kwenye pembe za kila kitambaa, ndani kwa ndani, mgeni asivione. Alivishona hapahapa sebuleni kwa wiki tatu, mimi namtilia mchanga kwa kijiko, mjukuu wangu anahesabu. Lifti ikigoma, alipanda na ndoo ya barafu kwa miguu, ngazi mia moja na nne, na akifika juu alisimama kwanza nyuma ya tangi mpaka pumzi imrudie, ndipo akatokeza akiwa anatabasamu. Sijui kama umewahi kutabasamu baada ya ngazi mia moja na nne. Mimi nikipanda kitanda tu nahema.

Na Bwana Miwani kila mwaka alimwambia, "Mwaka huu nakufanya msimamizi." Kila mwaka ulikuwa mwaka huu.

Sasa mwanangu. Mwanangu ni fundi mwashi, kama baba yake aliyetangulia mbele ya haki. Wanamwita Timazi, ule uzi wenye chuma unaoning'inizwa kupimia ukuta kama umenyooka, kwa sababu ukuta wake hata ukiupima mara kumi huoni kosa. Nililipenda jina hilo. Nilipenda likiitwa barabarani, nami nipo. Alihangaika miaka mingi na vibarua vya hapa wiki mbili, pale mwezi, mpaka akapata kazi yake ya kwanza ya kueleweka: fundi mkuu kwenye jengo jipya, na mafundi ishirini chini yake.

Na jengo lenyewe liko wapi? Palepale. Kati ya ule mgahawa na bahari kulikuwa na ghala kuukuu la mabati. Wakalivunja, wakazungushia uzio, wakasimamisha kibao: jengo la ofisi, ghorofa nne.

Tulicheka sana nyumbani. Mume chini anapanga matofali, mke juu anapanga glasi. Mchana mke aliegemea ukuta wa meza namba kumi na moja akaiona kofia ya njano ya mumewe, na mume chini akiona kivuli akainua mkono. Mafundi wenzake walimtania kwamba mume mwenye wivu hulala kazini kwa mkewe, huyu ameamua kujenga kabisa. Bwana Miwani aliguna kidogo kuhusu vumbi, basi. Ghorofa nne kwa mgahawa ulio juu ya tano si kitu. Mgeni angelivuka kwa macho akaendelea na bahari yake.

Ndipo akaja yule mama wa hotelini.

Alikuwa anasimamia hoteli kubwa ya ufukweni, upande wa pili wa ghuba. Alikaa meza ya pembeni siku tatu mfululizo, anakunywa juisi ileile, macho hayako baharini, yako kwa mkamwana wangu. Siku ya nne akamwita. "Nataka uje uwe msimamizi wa mgahawa wangu," alimwambia. "Kwa barua, si kwa maneno ya mdomo. Unijibu kabla Ijumaa ya wiki ijayo haijaisha. Baada ya hapo nachukua mwingine, na sitakulaumu." Kulikuwa na sharti moja: wafanyakazi walilala hukohuko siku sita, nyumbani siku moja.

Akaja akatueleza, jioni, amevua viatu, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Hakuwa mtu wa kuchezea bahati. Alisema, "Kule ni pazuri, lakini hapa nimepajenga kwa mikono yangu, na wale vijana sita wanaohudumu chini yangu nikiondoka watachanganyikiwa. Paa likibaki na bahari yake, nabaki. Bahari ikizibwa, pale hakuna mgahawa, kuna viti tu. Nataka kujua hilo tu."

Unaona ilivyokuwa? Jambo zima lilining'inia kwenye swali moja, na mwenye jibu alikuwa amekaa mbele yetu anapuliza chai.

Akamuuliza. "Mwenzangu, niambie ukweli. Jengo lenu linaishia wapi?"

"Nne na paa," mwanangu alisema. "Kibao si kinasema?" Na akaendelea kupuliza ile chai, na ilikuwa imeshapoa.

Haikuishia nyumbani. Bwana Miwani naye alikuwa amesikia fununu kwamba jengo litapandishwa zaidi, na alitaka kujua kama apeleke pingamizi manispaa. Kwa utaratibu wao, mwenye kiwanja akiomba kuongeza ghorofa, tangazo linabandikwa kwenye ubao wa ofisi yao siku thelathini, na jirani mwenye malalamiko ayapeleke ndani ya siku hizo. Lakini kwenda manispaa ni foleni, na Bwana Miwani hakuzaliwa ili apange foleni. Akasema nihangaike nini na mume wa Kapteni ndiye fundi mkuu? Hakwenda kusoma ubao. Akamuuliza mhudumu wake, naye akamjibu kwa moyo mweupe, "Ni nne tu, bosi. Nimemuuliza mume wangu." Bwana Miwani akaridhika, akarudi kwenye simu yake.

Jumatano ya wiki ile ya mwisho mkamwana wangu akaniambia, "Mama, kesho kutwa natakiwa nijibu. Twende nikakuoneshe kazini, halafu uniambie nikae au niende." Miaka tisa nilikuwa sijawahi kufika. Nilivaa viatu vya kubana. Lifti siku hiyo ilikuwa na heshima, ikatupandisha. Akanikalisha meza namba kumi na moja, saa kumi jioni, kabla wageni hawajajaa, akanivutia kiti kama mke wa waziri.

Bahari nimeiona tangu sijaota meno, lakini sikuwahi kuiona kutoka juu. Kutoka juu haina harufu na haina kelele. Nilielewa kwa nini watu wanavumilia wale viazi. Nilikaa nikaangalia mpaka akaja na sahani, akaketi kiti cha pembeni, bega kwa bega na mimi. Na hapo macho yangu yakashuka chini kwenye jengo la mwanangu.

Ghorofa ya nne ilikuwa imeshamwagwa zege. Lilikuwa limekauka, mbao zimeshabomolewa. Na kwenye kila nguzo, juu ya lile zege, nondo zilikuwa zimesimama. Ndefu, zinamfika mtu kifuani, zimefungwa pete mpya.

Mimi niliwapikia mafundi miaka kumi na sita, kwenye majengo aliyojenga marehemu mume wangu. Hakuna aliyenifundisha, lakini ukikaa na sufuria miguuni mwa jengo unaona kila kitu. Jengo likiwa limefika mwisho, nondo zinakatwa au zinakunjwa ndani ya zege. Zikiachwa zimesimama, kuna ghorofa nyingine inakuja. Kwenye nyumba zetu sisi ni tofauti. Maskini hujenga vyumba vitatu akaacha nondo juu ya nguzo, zinaota kutu miaka ishirini, ni matumaini yake kwamba iko siku atapandisha. Tajiri haachi chuma kama matumaini. Akiacha nondo leo, wiki mbili zijazo ana zege.

Nami nikajua. Kipande cha samaki kiko mdomoni na nimeshajua.

Naye akafuata ninakoangalia, akaziona. Akaniuliza, taratibu kabisa, "Mama, na zile nondo ni za nini? Wamemaliza, si wangezikata?"

Nikameza. Nikasema, "Ah, watu huziacha tu. Kwani nyumba ngapi mtaani kwetu zina nondo juu?"

"Kweli," akasema. Akacheka kidogo. "Hata yetu inazo." Akaninywesha juisi.

Usinikodolee macho. Nilikuwa na sababu, na nitakupa zote, hata ile mbaya. Ya kwanza, sikutaka kumfanya mwanangu mwongo mbele ya mkewe kabla sijamsikiliza mwenyewe. Hiyo ni sababu ya mama, kila mtu atanisamehe. Ya pili, nilidhani huenda nimekosea, macho yangu si ya jana. Hiyo ni uongo, macho yangu yanaona mpaka leo sindano kwenye mkeka. Ya tatu ndiyo yenyewe. Akienda kule hotelini siku sita, nani atabaki na mtoto wa miaka tisa, na kufua, na jiko, na fundi anayerudi na simenti mpaka masikioni? Ni mimi. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti kizuri nalishwa na mtu anayeniuliza aende au akae, na nilichokuwa nafikiria ni mgongo wangu.

Jioni ileile nikamvizia mwanangu uani, ananawa kwenye karo. Nikamwambia, "Nimeona nondo."

Akafunga bomba. "Mama, punguza sauti."

"Ngapi?"

"Nane."

"Na mkeo umemwambia nne."

"Mkandarasi ametuweka kikao," alisema. "Tangazo liko manispaa, limejificha nyuma ya matangazo mengine, zimebaki siku chache liishe. Amesema jirani akipeleka pingamizi kazi inasimama, na kazi ikisimama kwa sababu ya mdomo wa mtu, huyo mtu hatafanya kazi kwenye jengo lolote mji huu. Alisema hivyo ananiangalia mimi. Anajua mke wangu anafanya kazi wapi."

"Mwambie mkeo peke yake. Asimwambie tajiri wake. Achukue tu ile kazi ya hotelini."

"Yule? Akijua, atawaacha wale wenzake sita bila kuwaambia? Unamjua, mama."

Namjua. Alikuwa anasema kweli. Mwanangu alisimama pale na mapovu shingoni, mtu mzima wa miaka arobaini, nikamuona ni yuleyule niliyekuwa nikimfichia makosa baba yake asimchape. Nikasema, "Haya. Mimi sijaona kitu." Nikamletea taulo.

Ijumaa mkamwana wangu alipiga simu amesimama mlangoni, kwa sababu mtandao wetu unapenda mlangoni. Nilikuwa nachambua mchele. Nilisikia neno kwa neno. Alimshukuru sana yule mama, akamwambia amefikiri na ameona abaki, kwamba amehakikishiwa. Alisema hivyo, "nimehakikishiwa na watu wa nyumbani kwangu." Hapo ningeweza hata kukohoa tu, akageuka kuniangalia. Nilikuwa na ungo mapajani na ulimi mzima mdomoni, na nilitoa mawe kwenye mchele mpaka akakata simu.

Siku thelathini ziliisha Jumatatu. Jumanne asubuhi mbao za nguzo za ghorofa ya tano zikapanda. Mwanangu ndiye aliyezipima.

Mkamwana wangu alirudi nyumbani siku hiyo saa tano asubuhi, wakati ambao hajawahi kurudi. Alikaa kwenye kochi na viatu vyake miguuni. Nikamuuliza kama anaumwa. Akanieleza, kwa sauti ya kawaida tu, kama anasoma kitu kilichoandikwa ukutani. Bwana Miwani alipanda juu na karatasi ya manispaa mkononi, wahudumu wote wamesimama wanafuta glasi. Akamuuliza, "Nani aliniambia ni nne?" Akajibu, "Mimi, bosi." Akamwambia, "Mumeo yuko chini anajenga, wewe uko juu unanifumba macho. Mlinipanga. Nataka kujua tu mlipewa nini." Akajaribu kusema hakujua. Wakacheka, si yeye tu, hata wale wenzake aliokataa kuwaacha, wawili walicheka. Nani atakuamini kwamba mume wako anajenga jengo na hukujua lina ghorofa ngapi? Hata mimi nisingeamini. Akaambiwa aache aproni na funguo za stoo mezani, namba kumi na moja, ndiyo iliyokuwa karibu.

Nilimpa maji. Hakuyanywa.

Mwanangu alirudi saa kumi na moja, vumbi limekaa kwenye nyusi. Alipoona viatu vya mkewe akajua. Hakuna aliyepiga kelele, nakwambia, laiti wangepiga.

"Ulijua?" mkewe akamuuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu msingi. Msingi wa ghorofa nne hauchimbwi vile."

"Kwa hiyo nilipokuuliza pale, na chai yako, ulikuwa unajua."

"Wangenifukuza," mwanangu alisema. "Ningefanya nini?"

"Mimi si jirani," akasema. "Mimi si manispaa. Ni mkeo, nilikuuliza niende au nikae."

Mwanangu akatafuta la kusema. Namjua anapotafuta, anakwaruza simenti iliyoganda kwenye kiganja. Alitafuta, akaangalia mlango, akaangalia dirisha, na mwisho akaniangalia mimi. Nilitikisa kichwa. Nilimtikisia kichwa kabisa.

"Hata mama alijua," akasema. "Aliona nondo siku ile ulipompeleka. Mwulize."

Mtoto wangu mwenyewe. Niliyemletea taulo. Hakutaka kusimama peke yake kwenye kosa, akanivuta nami, kama vile watu wawili wakiwa waongo uongo unapungua uzito. Nilimkasirikia siku ile kuliko siku nyingine yoyote tangu nimzae, na hasira yenyewe ilikuwa ya bure, kwa sababu alisema kweli.

Mkamwana wangu akanigeukia. "Mama?"

Nikaanza, "Mwanangu, mimi nilidhani..."

"Nilikuuliza, mama. Tulikuwa wawili tu pale. Nilikuuliza zile nondo ni za nini."

"Niliogopa," nikasema.

"Uliogopa nini?"

Ningeweza kusema niliogopa mwanangu kufukuzwa. Ingepita. Lakini nilikuwa nimechoka na kukwepa, nikasema, "Niliogopa kubaki na kazi za nyumba peke yangu."

Akaitika kwa kichwa, polepole, vile alivyokuwa akiitikia mgeni anayeagiza chakula. Halafu akavua viatu, akaviweka mahali pake, akaenda kumwangalia mtoto kama amemaliza kazi za shule.

Kesho yake alivuka ghuba kwenda hotelini. Yule mama wa juisi alimpokea vizuri, akamwambia mtu mwingine ameshaanza tangu Jumatatu. Sasa anafanya kazi jikoni hospitali, anaosha sinia za wagonjwa. Ni chumba cha chini, kina taa ndefu na hakina dirisha. Anasema kazi si mbaya. Kila kitu siku hizi anasema si mbaya.

Jengo likafika nane. Unajua juu yake wameweka nini? Baa. Baa ya paani, ya vioo, wanauza bahari ileile kwa bei nyingine. Kaunta ameipiga lipu mwanangu, na watu wanaisifia. Mkandarasi amempa jengo jingine. Mgahawa wa Bwana Miwani umekufa kabla ya mvua. Ukipanda pale leo unaona ukuta, na miavuli imelazwa juu ya meza. Wale vijana sita wametawanyika, na wawili tukikutana nao sokoni wanavuka upande wa pili wa barabara.

Mwanangu alijaribu kurekebisha, hilo nitamhesabia. Alizungumza na watu wa ile baa mpya, wakakubali kumchukua mkewe awe msimamizi, msimamizi kweli, kwa barua. Akaja nayo nyumbani mbio, hata kofia hajavua. "Wanakutaka," alisema. "Uanze hata kesho. Nimewaambia wewe ndiye uliyeifanya ile ya zamani."

Mkewe akaichukua ile barua, akaisoma mpaka mwisho, akaigeuza nyuma akatazama kama kuna maandishi. Akasema, "Nani mwingine ameisoma?" Mwanangu akasema hakuna. Akairudisha kwenye bahasha, na wiki ikapita, na nafasi ikapita, na asubuhi aliendelea kwenda kwenye sinia zake. Nilitaka kumwambia ni kweli, safari hii ni kweli, nimemuuliza mwanangu kwa kumkazia macho. Nikafungua mdomo. Halafu nikafikiri ni mdomo wa nani huu.

Hajabadilika kwa heshima. Usije ukadhani ananinyima kitu. Shikamoo yake naipata kila asubuhi, na magoti yakinisumbua anayapaka mafuta mwenyewe, na analala chumba kimoja na mumewe. Majirani hawana cha kusikiliza. Lakini mumewe akisema nje mvua inanyesha, huyu ananyanyuka anakwenda dirishani. Mtoto akisema bibi ameniruhusu, anamtazama usoni kwanza. Kwa kuuliza, hatuulizi kabisa. Wiki nzima inapita hajaniuliza hata saa ngapi.

Jana alirudi kutoka hospitali, vidole vimenywea kwa maji. Nilikuwa nimepika ili asishike jiko, siku hizi napika mimi kila siku, mgongo au si mgongo. Nikamwambia, "Kaa upumzike, mwanangu. Mboga imeshaiva, na chumvi nimetia."

"Ahsante, mama," akasema. Akachukua kijiko, akafunua sufuria, akaonja.